Binti yangu hali nyama, na hesabu yake naifanya kila siku

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mzazi asiyekula nyama ana haki ya kumlea mtoto mdogo kwa lishe hiyo hiyo, au amwache ale kila kitu hadi akue ajiamulie. Mimi ni mama wa binti wa miaka mitano ambaye mikono yangu haijawahi kumlisha nyama wala samaki. Jibu langu ni kwamba haki hiyo ipo, ila hulipiwa kila siku jikoni. Lazima nyumbani pawe na mtu anayejulikana, mwenye jukumu la kurudisha kwa njia nyingine kila kinachoondoka na nyama. Kama mtu huyo hayupo, au hana nafasi, au amechoka, mtoto apewe nyama, na mzazi abaki na imani yake kwenye sahani yake mwenyewe.

Niliacha nyama miaka kumi na moja kabla ya kumzaa. Moyo wangu ulikataa mnyama achinjwe kwa ajili yangu, na hadi leo haujabadilika. Mume wangu anakula. Tulipooana tulipatana kila mtu ale chake, na mapatano hayo yalitutosha mpaka nilipopata mimba. Hapo akaingia mtu wa tatu ambaye hakuwepo tulipopatana. Mume wangu aliniambia neno moja ambalo bado liko kichwani mwangu: "Wewe uliacha nyama mwili ukiwa umeshajengwa. Huyu ndiyo kwanza anajengwa." Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru sikulazimisha kulitoa.

Nikaanza kusoma. Nilichotafuta hasa ni mtu wa kuniunga mkono, na nilimpata upesi. Mwaka 2016 Academy of Nutrition and Dietetics, chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani, kilikuwa kimetamka kwamba lishe isiyo na nyama, ikipangwa vizuri, inafaa katika kila hatua ya maisha, utoto mchanga ukiwemo. Nilimsomea mume wangu sentensi hiyo kwa sauti. Maneno "ikipangwa vizuri" niliyapita mbio, na ndiyo yaliyokuja kunifundisha adabu. (Tamko jipya la chama hicho, la mwaka 2025, linazungumzia watu wazima tu. Halikuwakataza watoto, lakini anayetumia lile la zamani kama ngao ajue hilo.)

Jambo la kwanza nililopanga vizuri kweli lilikuwa vitamini B12, na hapo namshukuru daktari wa kliniki aliyenishika tangu ujauzito. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria. Mimea haiitengenezi. Sisi huipata kwa uhakika kwenye vyakula vya asili ya wanyama, yaani nyama, samaki, mayai na maziwa, au kwenye vidonge na vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Mtu mzima anaweza kwenda miaka kadhaa kwa akiba iliyo kwenye ini lake bila kujua kwamba inakwisha. Mtoto mchanga hana akiba ya namna hiyo. Anategemea aliyopewa tumboni na anayoinyonya, kwa hiyo mama akipungukiwa, naye anapungukiwa. Huzaliwa akionekana mzima, kisha baada ya miezi michache anaanza kulegea, anapunguza kutabasamu, anapoteza hata yale aliyokwisha jifunza, kama kukaa au kushika vitu. Akichelewa kutibiwa, neva zake zinaweza kubaki na madhara. Kuna wanaowaambia akina mama kwamba mwani au spirulina (unga wa kijani unaotokana na viumbe wadogo wa majini) inatosha. Haitoshi: B12 iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wetu hauwezi kuitumia. Mimi nilimeza vidonge mimba nzima na muda wote niliponyonyesha, na kama kuna mama anasoma hapa, hali nyama, ananyonyesha na hamezi chochote, namwomba aende kituo cha afya wiki hii.

Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya maziwa yangu pekee. Baada ya hapo nikaanza kumpa dengu zilizopondwa, viazi, maboga, mayai, matunda, na nilijiona nimefaulu. Alipofikisha mwaka nikamwanzishia maziwa ya ng'ombe, akayapenda kuliko kitu kingine chochote. Akikataa chakula nilimpa kikombe. Akilia usiku, kikombe. Kichwani mwangu nilikuwa naliziba pengo la nyama: maziwa yana protini, yana kalsiamu, yana B12, kuna ubaya gani?

Alipokuwa na miezi kumi na minane niligundua amekuwa mpole kupita kiasi. Mtoto aliyekuwa akizunguka nyumba nzima alianza kukaa mahali pamoja. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nikajisemea meno yanaota. Mama mkwe alipokuja kututembelea alimpakata, akamvuta kope la chini, akanitazama. "Mwanangu, huyu mtoto hana damu." Hakusema neno juu ya nyama. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye juu ya nyama, na kule kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko ubishi.

Tulikwenda hospitali siku ile ile. Hemoglobini yake, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 8.9 kwa desilita, wakati mtoto wa umri ule hatakiwi kuwa chini ya 10.5. Daktari hakuanza na nyama pia. Aliniuliza, "Mama, kwa siku anakunywa maziwa kiasi gani?" Nikamjibu, tena kwa fahari, kwamba hata lita moja anaimaliza. Akaweka kalamu chini, akanieleza taratibu. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno. Kalsiamu na protini yake huzuia chuma cha vyakula vingine kufyonzwa. Tena hujaza tumbo, mtoto asitamani chakula kingine. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma inayomsogeza hadi karibu miezi sita hivi, kisha lazima chakula kichukue nafasi, na kipindi hicho ndicho anachohitaji chuma kingi: makadirio ya Marekani ni miligramu 11 kwa siku kati ya miezi 7 na 12. Binti yangu alikuwa ameishi miezi sita kwa kinywaji ambacho karibu hakina hata moja.

Daktari aliniambia pia kwamba tatizo hili huwapata watoto wa nyumba zinazokula nyama. Ni kweli, na ningeweza kujifariji kwa hilo. Lakini najua kingine: chuma cha kwenye nyama hufyonzwa kwa urahisi zaidi kuliko cha kwenye maharage na mboga za majani. Mtoto anayepata nyama kidogo kila siku ana mahali pa kuegemea mzazi anapokosea. Wangu hakuwa napo, kwa sababu mimi ndiye niliyepaondoa. Nilipaswa kuwa mwangalifu mara mbili ya mzazi mwingine, na nilikuwa nusu yake.

Alipewa dawa ya chuma ya maji. Mwezi mmoja baadaye damu ilikuwa imepanda, tukaendelea kwa miezi mitatu ili akiba nayo ijae. Maziwa yalishuka hadi vikombe viwili kwa siku, kama nusu lita, tena baada ya chakula. Jikoni ndiko nilikobadilisha mambo zaidi. Maharage, kunde na dengu naziloweka usiku kucha, na mara nyingine naziachia siku mbili zichipue, kwa kuwa kuloweka na kuchipusha hupunguza faiteti, ile kemikali ya kwenye mbegu inayoshikilia chuma na zinki visifyonzwe. Kila mlo wa jamii ya kunde lazima uwe na kitu chenye vitamini C pembeni: chungwa, pera, nyanya, pilipili hoho. Ni jambo dogo, lakini vitamini C hukigeuza chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo utumbo unaweza kukichukua. Chai hapewi kabisa, maana nayo huzuia chuma.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi, nalo ni la ujazo. Tumbo la mtoto hupokea kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo nane anashiba kwa gramu 240 tu. Ukizijaza gramu hizo mboga za majani zenye maji na nyuzinyuzi, anaondoka mezani ameshiba na nguvu hana. Siku hizi kila chakula chake kina mafuta, siagi ya karanga au parachichi. (Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia. Zisagwe.) Kuhusu protini, ambayo kila mtu huniuliza kwanza, sina mengi: mtoto anayekula nafaka, kunde, mayai na maziwa vya kutosha anaipata.

Nasoma tafiti kwa jicho jingine sasa. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Kanada uliofuatilia watoto 8,907 wa kati ya miezi sita na miaka minane, 248 kati yao wakiwa hawali nyama. Urefu wao, akiba ya chuma na vitamini D vilikaribiana na vya wenzao. Hata hivyo uwezekano wa kuwa na uzito pungufu ulikuwa karibu mara mbili. Zamani ningekata habari kwenye sentensi ya kwanza. Upo na utafiti wa Kenya, uliofanywa kuanzia mwaka 1998 katika shule 12 za msingi, ambako watoto waliongezewa ama nyama, ama maziwa, ama mafuta kwenye mlo wao, na kundi jingine halikuongezewa kitu. Waliopewa nyama walipata misuli zaidi na wakafanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kufikiri. Watoto hao walikuwa wakila mlo wa aina chache mno, haufanani na mlo uliopangwa, lakini siwezi kuupuuza. Unaniambia kwamba pale ambapo mlo ni finyu, kipande kidogo cha nyama kinafanya kazi kubwa, na kumwondolea mtoto wa namna hiyo kwa ajili ya imani ya mtu mzima ni kumdhulumu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula cha asili ya wanyama, yaani nyama, samaki au mayai. Mimi nimesimama juu ya neno hilo "au". Yai la kila siku ndilo linaloniruhusu kusema binti yangu halelewi kinyume cha mwongozo. Kwa sababu hiyo hiyo, kama angekuwa na mzio wa mayai na maziwa, ningempikia samaki na nyama kwa mikono hii hii, na ningelala usingizi.

Kwa wanaotaka kuondoa pia mayai na maziwa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, msimamo wangu ni mkali: msijaribu bila mtaalamu wa lishe anayemwona mtoto mara kwa mara, bila B12 ya kila siku na bila vipimo vya damu. Na kabla ya mwaka mmoja, asiyenyonya apewe maziwa ya kopo ya watoto wachanga, yakiwemo ya soya yaliyotengenezwa kwa ajili yao. Kamwe asipewe vinywaji vya shayiri, mchele au lozi badala yake. Mwaka 2017 mahakama nchini Ubelgiji iliwatia hatiani wazazi waliomlisha mtoto wao vinywaji vya namna hiyo. Alikufa mwaka 2014 akiwa na miezi saba, na uzito wake ulikuwa kilo nne na kitu. Wazazi hao waliamini wanamtendea mema.

Sasa ile hoja ya haki. Watu huniambia, "Unamchagulia mtoto." Ni kweli. Anayemlisha nyama pia anamchagulia, hakuna mtoto wa miezi saba aliyeulizwa. Tofauti ni kwamba chaguo langu lina mzigo wa ziada, na mzigo huo nisimtwishe yeye. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna mtu anayesema nyama ni uchafu, wala kwamba baba yake anakosea. Akienda kwa wenzake akala kipande cha kuku, haulizwi wala hatapishwi. Imeshatokea. Alirudi akaniambia, "Mama, nimekula kuku," akaningoja. Nikamuuliza kama alikuwa mtamu. Akasema ndiyo. Iliniuma, sitaficha, na nikamkumbatia.

Tulikubaliana na mume wangu kwamba akifikisha miaka saba ataulizwa rasmi, na atakachosema kitapikwa. Mume wangu ndiye atakayempikia nyama akiichagua, na mimi nitaendelea na kunde zangu. Mpaka siku hiyo anapimwa damu mara moja kila mwaka, na mara ya mwisho hemoglobini yake ilikuwa 12.1. Mama mkwe ndiye niliyempigia simu wa kwanza.