Maswali ya wasomaji: Koo linapoikataa trei ya vipimo

SWALI: Daktari, nahitaji meno bandia ya juu, lakini ile trei ya vipimo, ya kuchukulia umbo la kinywa, ikiingia tu mdomoni nataka kutapika. Vipimo vimeharibika mara mbili. Nifanyeje?

JIBU: Pole. Huo si utoto. Kaakaa laini (sehemu ya nyuma ya paa la kinywa), shina la ulimi na koromeo vikiguswa, misuli ya koo hujikaza yenyewe kulinda njia ya hewa. Kwa wengine hujikaza upesi mno, na hofu huongeza.

Anza nyumbani, wiki mbili hivi kabla ya miadi. Kwa mswaki laini, sugua ulimi kutoka nchani kwenda nyuma hadi koo lishtuke. Rudi mbele kidogo, usugue hapo sekunde 10 hadi 15 huku ukipumua kwa pua. Kila baada ya siku chache sogea nyuma milimita chache tu. Wenye pupa hufika nyuma siku ya kwanza, wakatapika, na tangu hapo mswaki wenyewe huwatia kichefuchefu.

Siku ya miadi usiende umetoka kula mlo mzito. Ukiwa na mafua na pua imeziba, ahirisha. Omba kukaa wima, kichwa ukiinamishe mbele kidogo, mate yatiririke nje badala ya kurudi kooni. Trei ikiwa mdomoni, nyanyua mguu mmoja uushikilie hewani, ukichoka, badilisha. Ni kama mzaha, lakini akili ikihangaika na mguu, koo hupata nafuu.

Mengine yamo mikononi mwa daktari, na mara nyingi kosa huanzia hapo: trei kubwa mno, au alginati, ule uji mzito wa kuchukulia umbo unaoganda mdomoni, iliyojazwa hadi ikafurika nyuma. Aweke kidogo upande wa nyuma, akandamize nyuma kwanza ndipo mbele, ili ziada itokee mbele. Mwulize kama ana alginati inayoganda haraka. Ganzi ya kupuliza huwasaidia baadhi. Wengine huhisi koo limevimba, wakazidiwa.

SWALI: Meno bandia yangu mapya ya juu yananitia kichefuchefu hata nikiwa nimekaa tu. Niyapunguze nyuma kwa tupa?

JIBU: Hapana, yarudishe kwa daktari. Huenda ukingo wa nyuma ni mrefu, unagusa kaakaa laini. Lakini huenda ni mfupi: meno hayashiki, yanashuka na kutekenya ulimi. Ukiyapunguza hayo, yatalegea zaidi.