Herufi na namba kwenye bastola za kale za Ireland: ni alama ya serikali, si namba ya fundi

Mkuu mleta mada, umesema bastola uliyoiona mnadani ina jina la fundi wa Dublin juu ya mtutu, kisha kuna herufi TY na namba ya tarakimu nne. Ukauliza kama hiyo ndiyo namba ya kiwandani, na kama inaweza kukuonyesha mwaka ilipotengenezwa. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana ya kukarabati silaha za kale huku Ireland, na swali hili huja mara kwa mara. Namba hiyo haimhusu fundi hata kidogo. Ni alama ya usajili: TY ni kaunti ya Tyrone, na namba ni ya silaha hiyo kwenye daftari la kaunti.

Chanzo chake ni sheria ya silaha ya Ireland iliyopitishwa na bunge la London mwezi Agosti 1843. Aliyeutetea muswada ni Lord Eliot, katibu mkuu wa serikali kwa Ireland chini ya waziri mkuu Robert Peel. Vijijini kulikuwa na vikundi vya siri vilivyopigania ardhi, na vilikuwa vikivamia nyumba usiku kuchukua bunduki. Serikali ikataka kila silaha iwe na leseni na ipigwe chapa, ili ikikamatwa ijulikane ilitoka kwa nani. Mwaka huohuo Daniel O'Connell, kiongozi wa siasa wa Ireland, alikuwa akikusanya umati mkubwa kudai Muungano na Uingereza uvunjwe, kwa hiyo hofu ilikuwa juu. Wabunge kama William Smith O'Brien waliupinga muswada kwa nguvu. Hoja yao naiona ya haki mpaka leo: kwa nini Mwairishi apigiwe chapa bunduki yake wakati Mwingereza hadaiwi kitu kama hicho?

Sasa kuhusu umri. Sheria haikubagua bunduki mpya na kuukuu. Mwenye bastola ya babu yake ya mwaka 1780 aliipeleka ikapigwa chapa sawa na aliyenunua mpya wiki iliyopita. Ndiyo maana utaikuta alama hii kwenye gumegume (inayowasha baruti kwa cheche za jiwe), kwenye bunduki ya fataki (inayowasha kwa kifuniko kidogo chenye fataki), na kwenye gumegume iliyogeuzwa kuwa ya fataki. Hata silaha iliyotengenezwa London inaweza kuwa nayo, mradi mwenyewe aliishi Ireland. Kwa hiyo alama hukwambia kwamba silaha ilisajiliwa kisheria, na upande gani wa nchi, wakati sheria inafanya kazi. Mwaka wa kutengenezwa utafute kwingine: umbo la kufuli (yaani mtambo wa kufyatulia), jina la fundi na anwani yake, maana mafundi walihama mitaa na anwani zao zinafuatilika.

Usiichanganye na alama nyingine. Mtutu uliopimwa Birmingham baada ya 1813, nyumba ya kupimia uimara wa mitutu ilipoanzishwa huko, huwa na fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji. Hiyo ni ya usalama wa mtutu. Namba ya fundi ipo pia kwa baadhi yao. Mafundi bunduki wa Rigby wa Dublin, kwa mfano, walizipa silaha zao namba, lakini bila herufi za kaunti. Na ukiona maneno "Dublin Castle" kwenye kufuli, hiyo ni silaha ya jeshi, habari nyingine kabisa.

Ukisoma herufi, fikiria majina ya kaunti ya wakati ule. Offaly iliitwa King's County na Laois iliitwa Queen's County, kwa hiyo anayetafuta O au L kwenye silaha ya huko atazunguka bure. Na bastola zikiwa jozi, angalia namba zote mbili. Zikifuatana, una ushahidi mzuri kwamba zilikuwa pamoja siku ya usajili. Zikiwa za kaunti mbili tofauti, muulize muuzaji nani alizioanisha.

Kumpata mmiliki kwa jina ni kazi ngumu. Hazina ya nyaraka za umma pale Four Courts, Dublin, iliungua Juni 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na karatasi nyingi za mahakama za kaunti zikateketea. Hata hivyo ulizia ofisi ya nyaraka ya Belfast, kwa kuwa Tyrone iko Ireland ya Kaskazini.

Ukiinunua, tafadhali usimruhusu mtu aisugue kwa msasa ili ing'ae. Chapa nyingi hazina kina, na nimeshika mitutu ambayo imebaki na nusu ya herufi tu kwa sababu ya fundi aliyetaka chuma cheupe. Mafuta mepesi na kitambaa laini vinatosha. Piga picha ya alama kwa mwanga wa pembeni, uiweke hapa, tuisome pamoja.