Ganzi ya Kidole cha Mwisho Huanzia Kiwikoni

Miaka minne iliyopita niliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu huku Mji wa Kale, nikaangukia kiganja, na kiwiko cha kulia kikavimba upande wa ndani. Eksirei ilipoonyesha kuwa mifupa ni mizima nilijiona nimesalimika, nikamwachia mkandaji wa mtaani akivute na kukichua kwa mafuta ya nazi wiki nzima. Laiti ningalijua kuwa kano zinazoufunga mfupa mmoja na mwingine hazionekani kwenye eksirei, na kwamba kano iliyochanika ikizidi kuvutwa hulegea zaidi.

Maumivu yaliisha, nikasahau. Baada ya miezi kadhaa kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vikaanza kufa ganzi, hasa ninapokaa kwenye foleni ya feri ya Likoni nikiwa nimeegemeza kiwiko kwenye dirisha la gari, na usiku nikilala nimeukunja mkono chini ya mto. Mama mkubwa alisema ni baridi yabisi. Mimi nilikuja kushtuka siku niliposhindwa kufunga vifungo vya kanzu kabla ya swala ya Ijumaa.

Mtaalamu wa viungo aliniuliza kwanza ni vidole vipi hasa, na nawasihi wenzangu mlichunguze jambo hilo kabla ya kwenda hospitali. Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole viwili hivyo hupita nyuma ya kifundo cha ndani cha kiwiko, karibu kabisa na ngozi (ndio ule unaotupiga kama umeme tukijigonga kwenye ukingo wa meza), na kila tunapokunja mkono njia yake hubana nao ukavutika, seuze kiwiko chenye kano zilizolegea. Ganzi ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, basi mara nyingi mshipa uliobanwa ni mwingine, nao hubanwa kwenye kifundo cha mkono. Gango la huko lisingalinifaa kitu.

Kisha alinipa karatasi niishike kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, akaivuta taratibu. Mkono wa kushoto uliishika vizuri. Wa kulia, ncha ya gumba ilijikunja yenyewe ikihangaika kuikamata, ishara kwamba misuli imeanza kudhoofu. Ukiona hivyo, au nyama iliyo kati ya vidole hivyo inabonyea, usingoje, kwa kuwa mshipa ulioharibika huota upya kwa kiasi cha milimita 1 tu kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole ni safari ya zaidi ya mwaka.

Mimi niliwahi, sikupasuliwa. Kila usiku mke wangu alinizungushia leso iliyokunjwa nene kwenye kiwiko ili kisikunjike usingizini, simu nikahamishia sikio la kushoto, na dirisha la gari nikalifunga, joto la Mombasa nikalivumilia. Ganzi ilichukua miezi mitatu kuondoka. Ndoo ya maji bado naibeba kwa mkono wa kushoto.