Saa ya Redio Iliyosimama Saa Sita Kamili

SWALI: Nimenunua saa ya ukutani inayojirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio. Kila nikitia betri, mishale hukimbia hadi saa sita kamili na kusimama hapo hapo. Nimetoa betri na kuirudisha mara nne bila mafanikio. Je, nimeuziwa saa mbovu?

JIBU: Dalili unazozieleza si za ubovu. Saa nyingi za aina hii hupeleka mishale saa sita kamili ili zisubiri habari za wakati kutoka kituo cha redio kinachozirusha, na kila unapochomoa betri unaivunja kazi hiyo na kuilazimisha saa ianze upya.

Kwanza soma kijitabu chake ujue husikiliza kituo kipi. DCF77 ni kituo cha Mainflingen, Ujerumani, kinachorusha kwa masafa ya kilohezi 77.5 na kusikika umbali wa takriban kilomita 2,000; MSF kiko Anthorn, Uingereza, na WWVB kiko Colorado, Marekani, vyote viwili kwa kilohezi 60. Ukiwa mbali mno na kituo husika, subira haitakufaa: irekebishe kwa mkono, nayo itakwenda kama saa yoyote ya kawaida ya betri.

Ukiwa karibu vya kutosha, tatizo huwa ni mahali ulipoitundika. Kituo cha DCF77, kwa mfano, hupunguza nguvu ya mawimbi yake mwanzoni mwa karibu kila sekunde, kwa sekunde 0.1 kumaanisha sifuri na kwa sekunde 0.2 kumaanisha moja, na ujumbe huundwa kwa tarakimu hizo mbili, hivi kwamba wote wa saa na tarehe huchukua dakika nzima, na vurugu ya sekunde chache tu yatosha kuuharibu. Vurugu hiyo hutoka kwenye televisheni, kompyuta na chaja za simu, ilhali kuta za zege yenye nondo hudhoofisha mawimbi yenyewe.

Basi tia betri mpya, iweke saa karibu na dirisha linaloelekea upande wa kituo, mita mbili au zaidi kutoka kwenye vifaa hivyo, kisha uiache usiku kucha bila kuigusa. Usiku mawimbi haya hufika mbali zaidi, na nakuomba sana usikate tamaa kabla ya kupambazuka.

Asubuhi ukiona dakika ni sahihi lakini imepishana na wakati halisi kwa saa moja kamili, mapokezi ni mazuri. Kilichobaki ni kurekebisha ukanda wa saa.