Kunyenyekea bila kujidharau: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza Mkristo ajizoeze vipi unyenyekevu kila siku bila kujidharau, na bila watu kumpanda kichwani. Nimefundisha kwaya na vikundi vya kujifunza Biblia kwa miaka mingi, na ninachoamini ni hiki: unyenyekevu hauonekani kwenye sauti ya upole. Unaonekana mtu anaporekebishwa, hasa na aliye chini yake kwa umri, elimu au cheo. Anzia hapo.

Nimewahi kumwona mzee mmoja wa kanisa akiongoza somo. Alisema Tomaso ndiye aliyemwambia Yesu, "utuonyeshe Baba." Binti mdogo wa kipaimara akanyoosha mkono: "Shikamoo mzee. Nadhani ni Filipo." Chumba kizima kikanyamaza. Mzee akafungua Yohana 14, akafuata mistari kwa kidole mpaka wa 8, akasema, "Kweli, ni Filipo. Asante, mwanangu." Kisha akampa Biblia yake awasomee wote. Hakujieleza kwamba alichoka, wala hakusema "mimi ni mjinga tu." Alipokea, akashukuru, somo likaendelea.

Biblia imejaa watu wa namna hiyo. Apolo alikuwa msemaji hodari katika Maandiko, lakini Matendo 18 inasema Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hatusomi popote kwamba alikasirika. Musa naye, ambaye Hesabu 12:3 inamwita mpole kuliko watu wote, aliambiwa na mkwewe Yethro kwamba namna yake ya kuamua mashauri si njema, akaibadili. Na huyu ndiye aliyekuwa akizungumza na Mungu!

Kwa hiyo zoezi langu ni hili. Mtu akinikosoa, sijibu papo hapo. Kwanza narudia alichosema kwa maneno yangu, namuuliza kama nimemwelewa, ndipo namshukuru. Kama ana haki, nasema una haki, bila kuongeza "lakini". Hiyo "lakini" ndiyo ngumu kuimeza, kwa sababu nyuma yake kiburi hujificha vizuri sana. Kama hana haki, nitamweleza baadaye moyo ukiwa umetulia. Zaidi ya hapo, namwombea kwa jina yule anayenizidi katika kile ninachojivunia, Mungu amzidishie. Mwanzoni maombi hayo hukwama kooni. Usiyaache.

Kuhusu kujidharau, soma Yohana 13:3 kabla ya kusoma habari za kutawadha miguu. Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Ndipo akaondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akawatawadha wanafunzi, na Yuda akiwemo. Aliinama kwa sababu alijijua ni nani. Anayejiona si kitu bado anajitazama yeye mwenyewe mchana kutwa, na mimi sioni tofauti kubwa kati yake na mwenye majivuno. Kama umejaliwa sauti nzuri, ukisifiwa sema asante, umrudishie Mungu utukufu, basi. Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa kanuni katika karne ya 6, aliupanga unyenyekevu katika ngazi 12: ya kwanza ni kumcha Mungu, na ya mwisho kabisa ndiyo yenye kuinamisha kichwa. Wengi wetu tunaanza na kichwa.

Sasa hili la kupandwa kichwani. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha, lakini hakunyamaza pia. Alimtaka aliyempiga aonyeshe ubaya wa maneno yake. Paulo aliyeandika Wafilipi 2, sura inayohimiza unyenyekevu, ndiye yule yule aliyekataa kutolewa gerezani kwa siri kule Filipi, akataka wakuu waje wenyewe kumtoa yeye na mwenzake Sila. Kwa hiyo ukiambiwa "nyenyekea" ili ufunge mdomo kuhusu kipigo, wizi wa sadaka au unyanyasaji, usikubali. Tafuta mtu mzima unayemwamini, aliye nje ya mikono ya huyo anayekunyamazisha, umweleze yote leo, na kama ni kosa la jinai nenda polisi.