Wamemtukana marehemu wetu mazikoni: je, uchungu wa moyo una fidia?

SUALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe. Naishi Marekani na familia yangu. Tulipokuwa tunamzika baba, kikundi cha watu kilisimama ng'ambo ya barabara na mabango na kipaza sauti, wakiitukana dini yetu na kusema maiti wetu ni mtu wa motoni. Mama mpaka leo hapati usingizi, daktari amemwandikia dawa. Mwanasheria anatuambia tusijisumbue, kwani kuna baba mmoja aliyeshitaki jambo kama hili akashindwa Mahakama ya Juu. Je, katika sheria yetu uchungu wa moyo una fidia, na tukilipwa pesa hizo ni halali? Mdogo wangu yeye anataka twende siku ya ibada yao tukawafanyie vile vile.

JAWABU: Waalaykumussalam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu baba yenu, amkunjulie kaburi lake, na amponye mama.

Kesi aliyowatajia mwanasheria ni ya familia ya Kikristo, na walioiumiza walijiita watu wa kanisa. Askari Matthew Snyder alifia Iraq mwezi wa Machi 2006. Siku ya mazishi yake huko Westminster, jimbo la Maryland, watu wa kanisa dogo la Westboro walitoka Kansas wakasimama na mabango, moja likimshukuru Mungu kwa askari waliokufa. Baba yake, Albert Snyder, akawashitaki. Jopo la wananchi waliosikiliza kesi lilimpa dola milioni 10.9, jaji akazipunguza hadi milioni 5, mahakama ya rufaa ikamwondolea zote. Tarehe 2 Machi 2011 Mahakama ya Juu ikakata shauri kwa kura 8 kwa 1: hana cha kulipwa. Hoja yao ilikuwa kwamba wale watu walizungumzia mambo ya umma, yaani vita, jeshi na maadili ya nchi. Walisimama mahali pa umma, kiasi cha futi 1,000 kutoka kanisani. Na walifuata maelekezo ya polisi. Jaji Samuel Alito peke yake alikataa. Alisema yule ni mtu binafsi anayemzika mwanawe, na uhuru wa mjadala haumpi mtu ruhusa ya kumshambulia namna ile.

Moyo wangu uko na Alito. Mtume swalla Allahu alayhi wasallam amesema, katika hadithi aliyoipokea al-Tirmidhi kwa al-Mughira bin Shu'ba: "Msiwatukane maiti, mkawaudhi walio hai." Sababu ya katazo hapa ni wale waliobaki, wenye masikio ya kusikia na kifua cha kuumia. Kusema kwamba neno hilo ni la umma hakumwondolei mfiwa maumivu yake.

Kwamba maudhi ni dhulma yenye hesabu, hilo halina khilafu. Al-Bukhari amepokea kwa Abu Hurayra kwamba aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote amwombe radhi leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Khilafu iko katika kuupimia uchungu pesa. Wengi katika wanavyuoni wa kale waliuachia taazir, yaani kadhi amtie adabu msemaji. Sayyidna Umar alimfunga mshairi al-Hutay'a kwa shairi alilomtungia al-Zibriqan bin Badr. Ubeti wenyewe ulimwambia tu akae kitako, asiyahangaikie makubwa, kwani yeye ni wa kulishwa na kuvishwa. Umar akaona hiyo ni lawama tu. Akamwita Hassan bin Thabit, mshairi anayeijua kazi, naye akathibitisha kuwa ni tusi zito. Aone hakimu wa leo jinsi Umar alivyotafuta mjuzi kabla ya kuhukumu neno. Hata hivyo al-Zibriqan hakupewa dirhamu yoyote ya uchungu wake.

Upande wa pili kuna kisa cha Zayd bin Sa'na, Myahudi wa Madina aliyemkamata Mtume kwa ukali akidai deni lake. Umar akamtisha. Mtume akamwamuru Umar amlipe haki yake na amwongezee pishi 20 za tende kwa vile alivyomtia hofu. Wameipokea Ibn Hibban na al-Hakim, na wajuzi wa isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, wana maneno juu yake, lakini maana yake ni nzito: hofu imelipiwa, na aliyelipwa hakuwa Muislamu wakati ule. Na katika Mahanafi, yaani wafuasi wa madhhebu ya Imamu Abu Hanifa, jeraha likipona bila alama, mwanafunzi wake Abu Yusuf aliona maumivu yenyewe yana malipo, na mwanafunzi wake mwingine, Muhammad bin al-Hasan, aliona alipwe ujira wa tabibu. Azimio la Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya mwaka 2000, Riyadh, lililoondoa dhara ya kimoyo katika fidia, linahusu masharti ya mikataba. Mimi sioni sawa kulivuta mpaka kwenye matusi ya makusudi mazikoni.

Kwa hiyo gharama za daktari, dawa na siku za kazi zilizopotea, zidaini bila wasiwasi. Ni mali iliyowatoka kwa uadui wao. Malipo ya uchungu mtupu, mahakama ikiwapa, naona inajuzu kuyapokea, na atakayejizuia kwa wara, yaani kwa kuepuka lenye shaka, asilaumiwe. Mrudieni mwanasheria mumuulize walisimama umbali gani na saa ngapi, na kama walimtaja baba kwa jina. Hukumu ile ile ya 2011 ilieleza kwamba Maryland na majimbo mengine 43 yana sheria za kudhibiti maandamano karibu na mazishi. Mlango huo ni wa polisi zaidi kuliko wa fidia, lakini upo.

Mdogo wako, hapana. Allah amekataza katika Suratul An'am, aya ya 108, tusiwatukane wanaoabudiwa na wengine, wasije wakamtukana Yeye kwa chuki bila ujuzi. Akitaka kusema, Suratun Nisaa, aya ya 148, imemruhusu aliyedhulumiwa kuitaja dhulma hadharani. Aandike gazetini, azungumze kwenye baraza la mji, aeleze lililotokea bila kuongeza neno. Uhuru uliowalinda wale ndio unaolinda daawa yenu hapo mlipo, na mnaishi katika nchi hiyo kwa ahadi.

Jambo moja hamkuliuliza. Haki hii kubwa ni ya mama, na kesi itamlazimisha kuisimulia siku ile mbele ya watu wageni. Ninyi hamwezi kumdaia wala kumsamehea. Kaeni naye, mumsomee jawabu hili kwa lugha anayoielewa, mumuulize anataka nini. Akisema twende, nendeni naye. Akisema basi, iwe basi. Wallahu aalam.