Usibandike taili juu ya hiyo sakafu nyekundu

Umeuliza taili za bafu ziwe saizi gani na ununue mifuko mingapi ya gundi, halafu katikati ukasema fundi wako hapo Kisumu atazibandika kesho kutwa juu ya ile sakafu nyekundu ya zamani bila kuichimba. Mpigie simu saa hii umsimamishe, hata kama ushamlipa diposti.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo hapa Nakuru, Section 58. Bafu la mita moja na nusu kwa mbili, sakafu ya redi oksaidi, yaani simiti iliyotiwa rangi nyekundu, iliyosuguliwa polishi na kila mtu aliyewahi kuishi humo. Fundi alikanyaga chini mara mbili akaniambia, "Hii iko imara kuliko za siku hizi, ukichimba utaiharibu bure." Akafagia, akapangusa na kitambaa, akaanza kubandika. Jioni bafu linang'aa, nyumba nzima tumefurahi.

Miezi mitatu haikuisha. Taili ya karibu na shimo la maji ikaanza kulia, ukiikanyaga inafanya kok na maji ya sabuni yanachungulia pembeni. Nikagonga zingine na mpini wa bisibisi, nyingi zinalia kama debe tupu. Nikachomeka kisu cha jikoni pale kwa ungio na taili ikainuka nzima kama kifuniko cha sufuria. Gundi yote ilikuwa mgongoni mwa taili, na ule upande uliokuwa umelalia sakafu ulikuwa laini, unateleza, umeshika wekundu, yaani ilikuwa imeshika polishi, simiti haikuigusa kabisa! Maji yalikuwa yamekaa hapo chini yananuka na yakapenya mpaka ukuta wa chumba cha watoto, rangi ikavimba. Kazi ya kwanza ilikuwa 16,000. Kurudia pamoja na huo ukuta ikanila 29,000.

Fundi akasema gundi ni feki, duka wakasema fundi hakusoma mfuko. Nikausoma mwenyewe, imeandikwa wazi sakafu isiwe na vumbi, mafuta wala nta. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mtu anayelipwa kwa mita hataki kukaa siku nzima akipiga patasi, kwa hivyo anakusifia sakafu yako ndio amalize haraka aende kwingine, na wewe kwa sababu unataka kuokoa pesa unamwamini.

Fundi wa pili alikuwa mama mmoja kutoka Bahati. Hakugusa gundi siku ya kwanza. Alichukua maji kidogo kwa vidole akadondosha sakafuni, matone yakakaa juu yakiwa duara kama shanga. Akaniambia, "Baba, kama maji hayaingii, gundi itaingilia wapi?" Akapiga patasi mpaka rangi yote ikaisha na chembe za mchanga zikaonekana, akasugua kwa brashi ya waya, akaosha, akaacha pakauke, akadondosha tena. Safari hii simiti ikayanyonya ikabaki doa jeusi. Alirudia pembe zote nne na pale mlangoni. Alipogonga pakalia tupu, aling'oa skridi yote, yaani lile tabaka la simiti la juu, akamwaga mpya, mteremko sentimita 1 kwa kila mita kuelekea shimoni. Ikakaa siku kadhaa ikimwagiwa maji, ikakauka, akapaka dawa ya kuzuia maji mara mbili na kuipandisha ukutani, tukaziba shimo tukajaza maji masaa 24 tukiangalia kama yatapungua. Taili zikaja mwisho kabisa.

Kwa hivyo hiyo mifuko iache dukani kwanza. Osha kipande kimoja cha sakafu leo, kikauke vizuri, udondoshe maji uhesabu dakika tano. Kisha urudi hapa uniambie yamekaa juu ama yameingia.